Tengeneza seli ya zinki na shaba, ipime, kisha ukokotoe volti bila kubahatisha

Mitihani ya kidato cha sita ikikaribia, maswali huwa yaleyale. Zinki naipata wapi? Mbona mita inasoma hasi? Nimezidisha potenshali ya fedha kwa mbili, mwalimu kanikata alama, kwa nini? Mbona limau langu linatoa volti 0.9 wakati jedwali la potenshali za elektrodi linasema 1.10? Nimeyajibu yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe: utaunda seli, utaipima, halafu ndipo utakaa na jedwali. Wanafunzi wengi huanza na fomula, na ndiyo maana alama za kutoa zinawasumbua hadi chumba cha mtihani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita Tanzania, wa KCSE Kenya, na wa mwalimu ambaye maabara yake yote inaingia kwenye kabati moja.

Seli yenyewe ni ya Daniell. John Frederic Daniell, mkemia Mwingereza, aliiunda mwaka 1836 kwa sababu betri zilizofuata mtindo wa Volta wa mwaka 1800 zilikuwa zikichoka haraka: viputo vya haidrojeni vilijikusanya juu ya shaba na kuzuia mkondo. Dawa yake ilikuwa kuizungushia shaba mmumunyo wa shaba, ili kinachotua pale kiwe metali badala ya gesi. Seli hiyo iliendesha mitambo ya telegrafu kwa miaka mingi. Historia inatosha, tuingie kazini.

Kusanya hivi kwanza

- Bamba au kipande cha zinki, upana wa vidole viwili hivi.
- Waya mnene wa shaba au kipande cha bamba la shaba.
- Salfeti ya shaba, ambayo wengi wanaijua kama mrututu.
- Salfeti ya zinki.
- Nitrati ya potasiamu kwa ajili ya daraja la chumvi. Ukiikosa, chumvi ya mezani itafaa kwa seli hii.
- Glasi mbili ndogo zinazolingana, au bika za mililita 100.
- Karatasi ya chujio. Tishu ngumu ya jikoni nayo inafaa.
- Maltimita ya kidijitali, ile ya kawaida ya mafundi.
- Nyaya mbili zenye vibanio vya meno.
- Msasa laini, maji safi, glavu na miwani ya kukinga macho.

Maelezo machache kuhusu upatikanaji, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokwama.

Zinki ya bei rahisi imo ndani ya betri kuukuu za redio na tochi, zile kubwa. Soma herufi zilizoandikwa kwenye betri: R20 au R6 ni ya zinki na kaboni, na kopo lake la ndani ni zinki. LR20 au LR6 ni ya alkalini. Hiyo usiifungue kabisa, ina potasi kali inayounguza ngozi na macho. Betri ya simu au yoyote ya lithiamu usiiguse hata kwa utani, inaweza kushika moto. Ukishapasua R20, toa unga mweusi, osha kopo, likunjue, kisha lijaribu kwa sumaku. Zinki haivutwi. Kikivutwa, umeshika gamba la nje la chuma. Kile kijiti cheusi cha kaboni cha katikati kihifadhi, kitakufaa siku nyingine.

Misumari ya kuezekea bati imepakwa zinki na inaweza kutumika, lakini usiipige msasa. Ukiikwangua unafika kwenye chuma, na kuanzia hapo hujui unapima metali ipi.

Shaba iko kwenye waya wa umeme wa nyumba. Kata ncha uitazame: ikiwa ndani ni nyeupe, huo ni waya wa alumini uliopakwa shaba, utafute mwingine. Waya wa kusukia mota una vanishi isiyoonekana, kwa hiyo ukwangue mpaka ung'ae.

Mrututu nao una mtego. Maduka ya pembejeo huuza dawa za ukungu zenye shaba, lakini nyingi ni oksikloridi au haidroksidi ya shaba, na hizo haziyeyuki kwenye maji. Zitakupa uji wa kibuluu unaotuama chini. Unachotaka ni fuwele za buluu iliyokoza zinazoyeyuka na kuacha maji maangavu. Salfeti ya zinki inauzwa kama mbolea. Soma asilimia ya zinki kwenye mfuko: kama 21 au 22, ni ile yenye molekuli saba za maji, kama 33 hadi 35, ina moja tu, na utahitaji gramu pungufu.

Kuhusu maji: yaliyotoneshwa ni bora, na vituo vya mafuta huyauza kama maji ya betri. Hakikisha chupa inasema maji, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya salfuriki ya betri, na chupa zinaweza kufanana. Maji ya mvua yaliyochujwa yanatosha. Maji ya kisima chenye chumvi yaepuke.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Mrututu ni sumu ukimezwa, na unawasha macho. Usitumie vyombo vitakavyorudi jikoni. Kama nyumbani kuna watoto, usiache glasi ya maji ya buluu mezani, kwa macho yao hiyo ni juisi.

Kuunda seli

1. Tengeneza mmumunyo wa shaba. Kwa 0.1 M (yaani moli 0.1 kwa kila lita), pima gramu 2.5 za mrututu, yeyusha kwenye maji kidogo, kisha ongeza maji hadi yafike mililita 100. Kwa 1 M ni gramu 25. Huna mizani? Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 5, na kwenye mililita 100 kitakupa kama 0.2 M. Usihangaike sana na usahihi hapa. Hata ukikosea ukolezo mara mbili, volti za seli hii zinabadilika kwa karibu 0.009 tu.

2. Tengeneza mmumunyo wa zinki wenye ukolezo uleule: gramu 2.9 za salfeti ya zinki yenye maji saba, au gramu 1.8 za ile yenye maji mamoja, kwa mililita 100 za 0.1 M. Ukiona ukungu mweupe, chuja. Mbolea haijasafishwa kama kemikali za maabara.

3. Piga msasa metali zote mbili mpaka zing'ae, isipokuwa misumari ya bati niliyoitaja. Suuza, futa kwa tishu, na usishike tena sehemu itakayozama. Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu matokeo kuliko zote. Tumia kipande tofauti cha msasa kwa kila metali, la sivyo unapaka chembe za shaba juu ya zinki.

4. Mimina mimumunyo kwenye glasi mbili, na usawa wa maji ulingane. Karatasi ya daraja hunyonya kama utambi: upande mmoja ukiwa juu zaidi, kimiminika kitahama polepole kwenda upande wa chini, na saa moja baadaye shaba yako iko kwenye glasi ya zinki.

5. Weka kila metali nyumbani kwake: shaba kwenye mmumunyo wa shaba, zinki kwenye mmumunyo wa zinki. Sikuandika hili kwa kujaza ukurasa. Zinki ikizama kwenye mrututu, inafunikwa papo hapo na utando mweusi unaogeuka kahawia. Mmenyuko umetokea, lakini elektroni zimeruka moja kwa moja kutoka zinki hadi kwenye ayoni za shaba bila kupita kwenye waya, na wewe hukupata kitu cha kupima.

6. Andaa daraja la chumvi. Kata karatasi ya chujio upana wa sentimita 2, urefu wa kutosha kugusa glasi zote mbili kwa kina. Iloweshe kwenye nitrati ya potasiamu iliyoyeyushwa hadi maji yakatae kupokea zaidi, ipe nafasi idondoke matone ya ziada, kisha ilaze kutoka glasi moja hadi nyingine. Isiguse metali yoyote.

Chumvi ya mezani inafaa kwa zinki na shaba. Haifai pale kwenye ayoni za fedha au za risasi, kwa sababu kloridi itatengeneza mashapo meupe na kuziba daraja. Kwenye mtihani andika nitrati ya potasiamu, hutakosea. Na ukiulizwa kazi ya daraja, usiandike kwamba "linapitisha elektroni". Elektroni hupita kwenye waya tu. Darajani zinapita ayoni, ili chaji isirundikane upande wowote.

Kupima

7. Weka maltimita kwenye volti za mkondo mnyoofu, ile alama ya V yenye mstari na vidoti chini yake, ngazi ya 2 V au 2000 mV. Waya mweusi uingie tundu la COM, mwekundu uingie tundu lenye alama ya V. Kama mwekundu umebaki kwenye tundu la 10 A, umeiunganisha seli kwa mkato, na itaishiwa nguvu bila kukupa jibu la maana.

8. Banisha mwekundu kwenye shaba na mweusi kwenye zinki. Vibanio vishike metali kavu, juu ya maji. Kibanio kikilowa, chuma chake nacho kinageuka elektrodi.

9. Subiri namba itulie, kisha andika. Tarajia kati ya 1.05 na 1.10.

10. Sasa geuza nyaya: mwekundu kwenye zinki, mweusi kwenye shaba. Utasoma namba ileile yenye alama ya kutoa mbele. Usiseme seli imeharibika. Seli haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni swali uliloiuliza mita, kwa maana kazi ya mita ni moja tu: kuonyesha potenshali ya waya mwekundu kutoa potenshali ya waya mweusi.

Irudie sentensi hiyo ya mwisho mpaka ikae kichwani. Fomula ya kitabuni, potenshali ya kathodi kutoa potenshali ya anodi, ni kitendo hichohicho cha mita. Kathodi ni pale elektroni zinapopokelewa, kwetu ni shaba. Anodi ni pale zinapoachwa, kwetu ni zinki, ambayo inalika taratibu na kuingia majini:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻
Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Kwenye seli kama hii, anodi ni ncha hasi. Kwenye uchanganuzi kwa umeme, ambako unalazimisha mmenyuko kwa betri ya nje, anodi ni ncha chanya. Ukishika kwamba anodi ni mahali pa kupoteza elektroni, alama haitakusumbua. Ukikariri alama, itakusumbua daima.

Kutengeneza jedwali lako mwenyewe

Hapa ndipo mambo yananoga, na ni sehemu ambayo shule nyingi huiruka.

11. Iache shaba na waya mweusi vilivyo. Waya mwekundu upeleke kwenye metali nyingine, kila moja ndani ya mmumunyo wa chumvi yake, na kwa kila metali tumia karatasi mpya ya daraja. Zinki itatoa karibu −1.10. Chuma kwenye salfeti ya feri kitatoa hasi ndogo zaidi. Hesabu za jedwali zinasema −0.78, ingawa msumari wako huenda usifike hapo kwa sababu ya kutu.

12. Jumlisha 0.34 kwa kila namba. Zinki: −1.10 + 0.34 = −0.76. Chuma: −0.78 + 0.34 = −0.44. Shaba yenyewe: 0 + 0.34 = +0.34. Hizo ndizo namba za jedwali la kitabu.

Umefanya nini? Umehamisha sifuri. Ukiupima Mlima Kilimanjaro kuanzia Moshi unapata namba moja, ukiupima kuanzia usawa wa bahari unapata 5,895, na mlima ni uleule. Wanakemia wamekubaliana sifuri iwe elektrodi ya haidrojeni: gesi ya haidrojeni kwa kanieneo ya angahewa moja, juu ya platini, ndani ya ayoni za haidrojeni za 1 M, nyuzi 25 za Selsiasi. Hakuna mtu aliyewahi kupima potenshali ya elektrodi moja peke yake. Mita ina nyaya mbili, basi.

Namba utakazozihitaji mara nyingi, zote kwa volti na zote zimeandikwa kwa upande wa kupokea elektroni:

Mg²⁺/Mg: −2.37
Al³⁺/Al: −1.66
Zn²⁺/Zn: −0.76
Fe²⁺/Fe: −0.44
Pb²⁺/Pb: −0.13
H⁺/H₂: 0.00
Cu²⁺/Cu: +0.34
Ag⁺/Ag: +0.80

Usishangae magnesi na alumini zikikuangusha. Kwa jedwali, magnesi na shaba zingetoa 2.71, lakini utasoma chini sana ya hapo, kwa sababu magnesi inamenyuka na maji yenyewe na uso wake unafunikwa. Alumini ina ngozi ya oksidi inayojirudisha mara tu unapomaliza kuikwangua. Kama unafundisha, usianze na hizi mbili. Zitamfanya mwanafunzi alione jedwali ni la uongo.

Kukokotoa: hatua tano, usiruke hata moja

Tuchukue alumini na chuma, swali linalowapata wengi.

1. Andika nusu mimenyuko yote miwili kama ilivyo kwenye jedwali, bila kugeuza kitu. Al³⁺ + 3e⁻ → Al, −1.66. Fe²⁺ + 2e⁻ → Fe, −0.44.

2. Tafuta iliyo kubwa zaidi. −0.44 ni kubwa kuliko −1.66. (Ndiyo, kubwa. Chora mstari wa namba kama una shaka. Nimeona hata watu wa hesabu wakiteleza hapa.) Chuma ni kathodi, alumini ni anodi.

3. Toa: kathodi kutoa anodi. −0.44 − (−1.66) = +1.22 V. Weka mabano kila mara. Anayeandika −0.44 − 1.66 anapata −2.10 na kupoteza alama ambayo tayari ilikuwa mkononi.

4. Sasa ndipo usawazishe elektroni: alumini mara mbili, chuma mara tatu. 2Al + 3Fe²⁺ → 2Al³⁺ + 3Fe. Volti usiziguse.

5. Hakiki alama. Jibu likiwa chanya, mmenyuko uliouandika unaenda wenyewe. Likiwa hasi, unaenda kinyume chake.

Kwa nini volti hazizidishwi? Volti moja ni juli moja kwa kila kulombi. Ukiongeza elektroni mara mbili, juli zinakuwa mara mbili na kulombi zinakuwa mara mbili, uwiano unabaki palepale. Kwa hiyo zinki na fedha ni 0.80 − (−0.76) = 1.56 V, ingawa mlingano una 2Ag⁺. Anayeandika 2.36 amezidisha 0.80 kwa mbili. Idadi ya elektroni inaingia kwenye nishati: kwa zinki na shaba, 2 × 96,485 × 1.10 ni karibu kilojuli 212 kwa kila moli ya zinki inayolika (96,485 ni kulombi za moli moja ya elektroni).

Namna ya kuandika seli: Zn | Zn²⁺ || Cu²⁺ | Cu. Anodi kushoto, kathodi kulia, mistari miwili ni daraja. Ukiunganisha mita, mweusi unakwenda kushoto na mwekundu kulia. Mchoro na mita vinasema lugha moja.

Swali la limau. Ukichomeka zinki na shaba kwenye limau au ndimu, upande wa zinki uko vilevile, lakini upande wa shaba hakuna ayoni za shaba za kupokea elektroni. Zinazopokea ni ayoni za haidrojeni za ile asidi, pamoja na oksijeni kidogo iliyoyeyuka. Shaba pale ni kisimamio tu. Kwa hiyo 1.10 haihusiki, na namba ya karibu 0.9 ni ya kawaida. Limau ni onyesho zuri kwa darasa la saba, lakini mtihani wa potenshali za elektrodi usijifunzie kwenye limau.

Jaribio dogo la ukolezo

Ukiwa na seli inayofanya kazi, chukua mililita 10 za mmumunyo wa shaba, ongeza mililita 90 za maji, weka tena shaba yako safi na daraja jipya. Mlingano wa Nernst unasema kila ukipunguza ukolezo mara kumi, kwa mmenyuko wa elektroni mbili, potenshali inashuka kwa 0.0592 gawanya kwa 2, yaani karibu 0.03 V. Utaona namba ikishuka kwa kiasi hicho au pungufu kidogo. Rudisha shaba kama ilivyokuwa, uizimue zinki badala yake: safari hii volti zinapanda. Jiulize kwa nini kabla ya kuangalia fomula. Kumbuka ni mwekundu kutoa mweusi, na umeishusha namba inayotolewa.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mita inasoma sifuri au namba zinarukaruka.* Mara nyingi daraja limekauka au halijazama upande mmoja. Liloweshe. Kisha angalia vibanio: vingi vya bei rahisi waya umekatika ndani ya plastiki.

*Inasoma 0.7 hadi 0.9.* Uso mchafu, au umeweka chuma ukidhani ni zinki. Rudi kwenye sumaku.

*Ilianza 1.08, sasa inashuka.* Tazama zinki. Ikiwa imepata weusi, ayoni za shaba zimevuka daraja. Piga msasa, badilisha daraja, sawazisha vina vya maji.

*Inasoma 1.10 safi, lakini taa ya LED haiwaki.* Swali hili nalipenda, kwa sababu linatenganisha volti na mkondo. LED nyekundu inahitaji karibu volti 1.8, kwa hiyo seli moja haitoshi. Lakini hata ukiunganisha mbili, shaba ya kwanza na zinki ya pili, ukapata 2.2, huenda ikawaka kwa unyonge au isiwake. Ukinzani wa ukanda mwembamba wa karatasi ni mkubwa mno. Mita haiulalamikii kwa kuwa inavuta mkondo mdogo sana. LED inataka zaidi. Tumia seli tatu, mabamba mapana, glasi zilizosogezwa karibu, na karatasi iliyokunjwa mara kadhaa.

Dawa bora zaidi ni ile iliyotumika kwenye seli za Daniell: chombo cha udongo uliochomwa bila kupakwa vanishi. Nunua kichungu kidogo kwa mama wa vyungu sokoni, kiloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi, weka zinki na mmumunyo wake ndani, kisha kisimamishe kichungu kizima ndani ya chombo kipana chenye mrututu na bamba la shaba lililozungushwa. Vitundu vya udongo vinapitisha ayoni bila kuruhusu mimumunyo ichanganyike upesi. Seli ya namna hii inatoa mkondo ambao karatasi haiwezi kuukaribia.

*Fuwele nyeupe zimejitokeza kwenye daraja.* Maji yamekauka, chumvi imebaki. Si kosa, weka karatasi mpya.

*Namba zangu na za mwenzangu zinatofautiana kwa 0.02.* Hiyo ni kawaida kabisa. Ziandikeni zote.

Kumaliza na kusafisha

Mimumunyo isimwagwe mtoni, bwawani wala karibu na kisima. Shaba iliyoyeyuka inaua samaki na konokono. Mrututu uliwahi kutumika kuua konokono wanaoeneza kichocho. Fanya hivi: tia misumari mitupu isiyopakwa zinki, au sufi ya chuma, ndani ya mrututu uliobaki, uache mpaka kesho. Buluu itafifia na kubaki kijani hafifu, na chini utakuta unga mwekundu. Hiyo ni shaba yako imerudi kuwa metali, kwa sababu ileile ya jedwali: 0.34 kutoa −0.44.

Chuja, changanya maji yaliyobaki na yale ya zinki, tia magadi kidogokidogo mpaka mashapo yaache kuongezeka, uyaache yatuame. Maji maangavu ya juu mwaga chooni. Mashapo na unga wa shaba funga kwenye mfuko, vitupe na taka ngumu. Zinki na shaba suuza, kausha, zifunge kwenye karatasi tofauti, na uandike jina juu ya kila moja.